Niliomba Ruhusa Mwenyewe

Karani wa mfuko wa hifadhi ya jamii alimuuliza mama mmoja swali moja tu, naye akalijibu kwa adabu. Adabu hiyo ndiyo iliyomponza.

"Uliacha kazi au uliachishwa, mama?"

"Niliomba ruhusa mwenyewe," akasema. "Tuliagana vizuri, mwanangu. Hatuna ugomvi wowote."

Karani alikuwa msichana mpole mwenye miwani. Aligonga vitufe vya kompyuta yake, akasoma kilichotokea, akavua miwani akaifuta, na hapo yule mama akajua kuna jambo. Akaelezwa kwa sauti ya chini. Michango yake ipo yote, hakuna mwezi uliorukwa. Aliyekuwa akimlipia alikuwa mtu makini. Fao la kukosa kazi nalo lipo, nusu ya mshahara kwa miezi sita, na siku hizi watumishi wa ndani wanalipata sawasawa na mtu wa kiwandani. Lakini ni la mtu aliyeachishwa. Aliyeacha kwa hiari yake hapati hata senti.

"Nimeshaingiza ulivyosema," karani akamalizia. "Kama umekosea, mwajiri wako aje hapa dirishani aseme kwa mdomo wake. Ijumaa nafunga hesabu za mwezi. Baada ya hapo sina la kukusaidia, mama yangu."

Mtaani kwao mama huyu wanamwita Taratibu, kwa kuwa ndilo neno lake. Mtoto akikimbia na chupa, taratibu. Mume akibugia chai ya moto, taratibu. Basi hata pale hakupiga kelele wala hakulia. Alifunga pochi yake, akamshukuru karani, akampisha aliyekuwa nyuma yake, akatoka nje kama mtu aliyepewa alichokifuata. Alipofika kwenye kona, mahali ambapo hakuna anayemjua, akakaa juu ya ukuta mfupi wa duka la rangi.

Sasa usimcheke. Najua wapo watakaosema huyu mama ni mjinga, kaulizwa swali jepesi akajichongea mwenyewe. Mtu anayesema hivyo hajawahi kufua soksi za nyumba ya watu. Katika kazi ile hakuna anayefukuzwa. Kaulize popote unapotaka: wote waliomba ruhusa. Aliyetupiwa nguo zake nje ya geti, aliomba ruhusa. Aliyeambiwa asubuhi kwamba asionekane jioni, aliomba ruhusa. Sababu yake ni ndogo na ni ya kikatili. Nyumba mpya ikisikia kwamba umefukuzwa haiulizi kwa nini. Inaanza kuhesabu vijiko. Kwa hiyo wanafundishana mapema, mkubwa kwa mdogo, kama wanavyofundishana kutoa doa la wino kwenye shati jeupe: ukiulizwa, useme uliomba ruhusa mwenyewe. Taratibu alikwishasema hivyo katika kila nyumba aliyowahi kubisha hodi, na kila mara maneno hayo yalimpatia kazi. Hakuwa na habari kwamba siku moja angefika mahali ambapo maneno yaliyomlisha ndiyo yangemnyima.

Na ukweli ulikuwaje? Ukweli ni kwamba Bi Mkubwa alifariki. Huyu alikuwa bibi mjane, mkunga mstaafu, na Taratibu ndiye aliyekuwa mikono na miguu yake tangu kiharusi kilipomlaza. Baada ya mazishi, binti wa marehemu, mwalimu mkuu wa shule ya sekondari, alimkumbatia Taratibu mbele ya wageni, akamwambia, "Umechoka sana wewe. Nenda kapumzike kidogo, tutakuita." Taratibu akaenda kupumzika. Akapumzika wiki ya kwanza, akapumzika ya pili. Siku moja akapita njia ile kwa shughuli nyingine, akainua macho, akaona mapazia mageni madirishani na baiskeli ya mtoto asiyemjua imelazwa kwenye ngazi alizokuwa akizisugua kila siku. Nyumba ilikuwa imekwishapangishwa. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba hana kazi.

*

Nyumbani kwao ni chumba na sebule, na nusu ya sebule imeliwa na cherehani ya mumewe. Mume ni fundi wa nguo, mtu wa mzaha, ila macho yamemwangusha miaka hii. Suti hazishoni tena, anashona foronya na kupunguza suruali, na uzi kwenye sindano hutungwa na mtoto. Aliposimuliwa yaliyotokea dirishani, kwanza alicheka.

"Yaani umekwenda kudai haki yako," akasema, "halafu ukaikataa kwa heshima."

Akacheka tena, kisha akamtazama mkewe vizuri, akaacha. Akaondoa mguu kwenye cherehani. Wote wawili walikuwa wakiwaza jambo moja, nalo lilikuwa mke wa daktari wa meno.

Mke wa daktari wa meno alikuwa na wachanga pacha na baba mkwe asiyejiweza, na alitaka mtu. Si mtu wa kuja asubuhi na kurudi jioni. Mtu wa kulala hapohapo, ruhusa Jumapili moja kwa mwezi, aanze Jumamosi. Mshahara ulikuwa mzuri, huwezi kuusema vibaya. Kazi za kutwa nazo zipo, lakini hupatikana kwa kusubiri: mwezi, miezi miwili, mpaka fulani ahame au fulani ajifungue. Kwa hilo fao, Taratibu angeweza kusubiri huku kodi ya nyumba inalipwa na sufuria inapanda jikoni. Bila hilo fao, Jumamosi angebeba begi.

Na mwanamke huyu hakuogopa kazi. Sijawahi kumwona anaogopa kazi. Aliogopa kulala. Alipokuwa kijana alilala nyumba za watu miaka mingi, na binti yake wa kwanza akalelewa na nyanya yake. Siku moja ya ruhusa alifika nyumbani na kigauni kipya mkononi, mtoto akajificha nyuma ya nyanya yake na kuuliza, kwa sauti ambayo kila mtu chumbani aliisikia, "Huyu mgeni ataondoka lini?" Binti yule sasa ni mtu mzima, ameolewa mbali, anatuma salamu vizuri na ana heshima zake zote. Lakini ni heshima za kumpa shangazi. Taratibu halisemi jambo hili. Fundi ndiye anayelijua, na analijua kwa kuwa usiku ule wa kigauni ndiye aliyempangusa machozi.

Alipokuja kuzaliwa wa mwisho, ambaye wao wanamwita Kitinda na sasa yuko darasa la pili, Taratibu aliapa kwamba huyu hatamwita mgeni. Akatafuta hadi akampata Bi Mkubwa, aliyekubali mtu wa kwenda na kurudi. Kwa ajili ya ruhusa hiyo ya jioni alivumilia mengi: kula amesimama, kuugua huku anapiga pasi, kufua mablanketi kwa mikono wakati mashine ya kufulia iko palepale, na watoto wa marehemu wamekataza isiguswe. Kila jioni alirudi kwake, akamkuta Kitinda mlangoni. Hilo ndilo lililokuwa linakwenda kupotea kwa sababu ya neno la adabu.

"Nitakwenda kwa Mwalimu," akasema. "Nitamwomba aje aseme."

"Na akikataa?"

"Kwa nini akatae? Si kweli?"

Fundi akarudisha mguu kwenye cherehani. Alikuwa na jibu, ila hakutaka kuwa yeye atakayelitoa.

*

Kabla hajaenda, alipitiwa na rafiki yake wa kazi, ambaye jina lake mtaani ni Redio, na halihitaji maelezo. Redio anafanya kazi nyumba zilizo jirani na ya Bi Mkubwa, na yeye ndiye aliyemwingiza Taratibu kwenye kazi hizi walipokuwa wasichana. Aliposikia habari, kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa alikosa la kusema. Akakaa kitandani, akavua viatu, akavivaa tena.

Hatimaye akasema kwamba lawama ni zake. Yeye ndiye aliyemfundisha maneno yale, wakiwa wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa nyuma ya jiko la watu, wanamenya viazi. Akamwonya pia, maana Redio hawezi kukaa bila kuonya. Pale ofisini benchi hujaa kila aina ya watu, wenye nyumba waliokuja kulipa michango, na wale madalali wanaotafutia watu wafanyakazi. Wana masikio. Ukisimama dirishani ukasema umeachishwa, kesho hata kufua zulia hakuna atakayekuita.

"Sasa nifanye nini?" Taratibu akauliza.

"Mwalimu aseme, wewe unyamaze. Likitoka kwake halitakuchafua."

Lilikuwa shauri zuri. Tatizo lake lilikuwa moja, kwamba lilimtegemea Mwalimu.

*

Kwa Mwalimu alikwenda Jumatano alasiri, kwa miguu, amevaa gauni lake la kutokea. Alikuwa amekata shauri kwamba leo ataingia kwa mlango wa mbele. Miguu yake haikusikia shauri hilo. Ilizunguka yenyewe hadi mlango wa jikoni, na alipojitambua amekwishagonga. Akafunguliwa na msichana wa kazi, mwenye mapovu hadi viwikoni, akamvutia stuli karibu na jiko.

Mwalimu akaja, akamkuta pale, akapiga makofi kwa mshangao. Jamani, kwa nini unakaa jikoni, wewe si wa kukaa jikoni. Lakini naye akavuta kiti hapohapo na mazungumzo yakafanyika jikoni. Alimlilia mama yake kidogo, na machozi yale yalikuwa ya kweli, sitaki kumsingizia. Akamwagiza msichana alete mfuko wa nguo za marehemu alizokuwa amezitenga. Ndipo Taratibu akaeleza shida yake, polepole, bila kumlaumu mtu, huku akikunja na kukunjua kitambaa chake.

Mwalimu alishtuka kana kwamba amemwagiwa maji.

"Mimi nikufukuze wewe? Wewe ni ndugu yetu."

Taratibu akasema anajua. Akasema si habari ya kufukuzana, ni utaratibu wa pale dirishani tu, wanataka kusikia kwamba kazi ilikwisha na aliyeimaliza ni mwenye nyumba. Mwalimu akatikisa kichwa. Hakuna aliyekuachisha kazi, mimi nilikwambia upumzike. Kisha akasema lile lililokuwa moyoni mwake hasa. Pale ofisini mwaka mzima wanapita wazazi wa wanafunzi wake. Mwalimu mkuu, ambaye kila asubuhi anawahubiria watoto wa watu habari za utu, asimame dirishani aseme kwamba amemfukuza aliyemuuguza mama yake? Watu watamwonaje?

Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na bahasha. Ilikuwa nene. Akaisukuma mezani kwa vidole viwili.

"Chukua hii. Tusifikishane maofisini, tunajuana sisi."

Hapo nataka uelewe jambo. Nyumbani kodi ilikuwa inakaribia, na ile bahasha ingetuliza mwezi mzima. Mwingine angeichukua na kuomba radhi juu yake, na nisingemlaumu. Taratibu aliiangalia, akaona miezi mingine iliyobaki ambayo haimo ndani yake, na akaona kwamba kila itakapokwisha atarudi kwenye stuli hii. Lakini si hesabu hizo zilizomzuia. Kilichomzuia ni Bi Mkubwa. Watumishi wa ndani walipoanza kuandikishwa kwenye mfuko, yule bibi alikuwa bado anatembea. Alishika fimbo yake akaenda mwenyewe hadi ofisini, watoto wake wakimwambia anajisumbua bure, akarudi amechoka na amefurahi. Alisema mtu anayemwosha mwenzake mgongo lazima awe na jina mahali fulani. Mwezi hadi mwezi alikatwa kwenye pensheni yake ya ukunga. Sasa kitu kile alichokinunua kwa pensheni yake, kigeuzwe sadaka ya kupokelea jikoni?

"Asante, Mwalimu," akasema. "Sikuja kwa ajili ya pesa zako. Za kwangu zipo kule, mama yako alishaziweka."

Akaiacha bahasha mezani. Mfuko wa nguo akauchukua, kwa kuwa zilikuwa nguo za Bi Mkubwa na alizifua mwenyewe miaka yote.

*

Alhamisi alianza kupanga begi. Fundi alikuwa akipunguza suruali ya mtu na hakuinua kichwa. Kila mara uzi ulipomkatikia alitukana uzi. Kitinda akaja kutoka shule, akasimama katikati ya chumba akiwa bado na mkoba mgongoni, akalitazama begi.

"Ni la nani?"

"La mama," akajibiwa.

"Unaenda kulala wapi?"

Taratibu akamweleza kuna nyumba ina watoto wachanga wawili, wanahitaji mtu. Mtoto akafikiri. Akauliza kama wale watoto hawana mama yao. Wanaye, Taratibu akasema, ila ana kazi nyingi. Kitinda akasema hata wewe una kazi nyingi, na akaenda kuvua viatu. Hakulia. Ingekuwa nafuu kama angelia. Fundi akainuka, akatoka nje, na majirani walimwona amesimama ukutani na suruali ya mtu begani, anatazama barabara isiyo na kitu.

Taratibu akakaa kitandani kando ya begi. Hapo ndipo alipobadilika, na laiti ningekuwa na uwezo ningeuonyesha uso wake, kwa sababu watu huwa hawaamini kwamba ushujaa unaweza kufanana na mtu anayekunja blauzi. Alijiambia: mimi nimekaa nasubiri Mwalimu aseme, kwa nini? Kinywa si ninacho? Niliyaogopa maneno haya maisha yangu yote kwa kuwa yana harufu ya wizi. Mimi si mwizi. Aliyekufa amekufa, nyumba imepangishwa, kazi imekwisha. Aibu ya nani hapo?

Akachukua simu, akamwandikia Mwalimu ujumbe, na Fundi aliporudi akamsomea kabla ya kuutuma. Ulisema: Kesho saa tatu asubuhi nitakuwa ofisi ya mfuko. Nitasema nimeachishwa kazi. Sitasema neno lolote baya juu yako. Nakuomba uje.

Fundi akasikiliza mpaka mwisho.

"Ungeongeza tafadhali," akasema.

"Tafadhali zangu nimeshazimaliza," akajibu mkewe, na akautuma.

Mwalimu hakujibu.

*

Ijumaa benchi lilijaa kama Redio alivyotabiri. Redio mwenyewe alikuwepo; alikuwa amemwambia bosi wake anaumwa jino, akaja kumsindikiza mwenzake. Kulikuwa na mama mmoja mwenye mkoba wa ngozi, kulikuwa na dalali anayejulikana, mwenye simu mbili, na kulikuwa na wanawake wa kazi kadhaa waliokaa pembeni wakiwa wameshika pochi zao kwa mikono miwili. Saa tatu ikafika, ikapita. Mwalimu hayupo.

Zamu yake ilipofika Taratibu alisimama dirishani. Karani alimkumbuka.

"Mwajiri amekuja?"

"Bado. Lakini mimi nimekuja." Alikuwa amezoea kuzungumza chini chini, sauti ya mtu anayepita kwenye korido ambako watu wamelala, na sasa akaipandisha kwa makusudi. "Siku ile nilikwambia niliomba ruhusa mwenyewe. Haikuwa kweli. Niliachishwa kazi. Sikuiba, sikuvunja kitu, sikumkosea mtu. Niliyekuwa namtunza alifariki, nyumba wakaipangisha, na mimi nikaachishwa. Nilisema uongo kwa sababu sisi tumezoea kusema hivyo."

Dalali aliacha kubonyeza simu. Wale wanawake wa pembeni waliinamisha macho, kila mmoja akaangalia sakafu yake, na mmoja wao akaanza kufungua na kufunga zipu ya pochi bila kujua anafanya nini.

Karani akasema anamwamini. Akasema hivyo mara mbili. Lakini kuamini kwake hakuingii kwenye kompyuta. Bila mwajiri hawezi. Taratibu akaitikia kwa kichwa, akabaki amesimama palepale. Hakujua aende wapi.

Redio yeye alikuwa amekwishatoka. Macho yake hayatulii, na kupitia mlangoni alikuwa ameona gari jeupe limeegeshwa juani upande wa pili wa barabara, na mtu ndani yake. Mwalimu alikuwa amefika kabla ya saa tatu. Alikuwa amekaa humo muda wote, mikono kwenye usukani, hawezi kushuka na hawezi kuondoka. Redio akagonga kioo. Walichozungumza, Redio amekisimulia kwa namna nyingi tangu siku ile na kila mara kinaongezeka urefu, lakini nadhani alisema hivi tu: "Mwalimu, shuka. Mwenzako ameshasema, na hajafa."

Mwalimu akaingia akiwa amenyooka kama anaingia kwenye paredi ya shule. Mzazi mmoja akamwamkia, naye akaitikia bila kumwona. Akafika dirishani, akasimama kando ya Taratibu, na hata hapo akaanza vilevile.

"Huyu ni ndugu yetu, amekaa na mama yangu..."

"Samahani, mama," karani akamkatiza kwa upole. "Ndugu hana fao. Ni ndugu au ni mfanyakazi?"

Mwalimu akageuka kumtazama Taratibu, kama mtu anayeomba asaidiwe. Na Taratibu, ambaye kwa miaka yote alimsaidia kila alipomtazama hivyo, safari hii hakumsaidia.

"Ndugu angeambiwa kwamba nyumba inapangishwa, Mwalimu," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyolisema neno lake la taratibu.

Nimemsema Mwalimu hapo juu, na sijutii. Lakini la haki lisemwe. Wako wengi ambao wangegeuka wakaondoka na majivuno yao. Yeye alishika ukingo wa dirisha, akavuta pumzi, akasema kwa ile sauti yake inayofika nyuma ya darasa:

"Ni mfanyakazi. Nilimwachisha mimi. Mama alifariki, tukapangisha nyumba, na nikaona haya kumwambia usoni, nikamwambia apumzike. Hana kosa lolote. Andika na hilo, kama lina mahali pa kuandikwa. Mama yangu alilala kitandani miaka mitatu hawezi kugeuka, na alikufa hana kidonda hata kimoja mgongoni. Daktari alimgeuza, akaniuliza mlikuwa na muuguzi wa wapi."

Karani akaandika. Kama lile la mgongo lilikuwa na mahali pa kuandikwa, sijui, lakini aliandika muda mrefu. Kisha akamwambia Taratibu kwamba malipo ya kwanza yataingia mwisho wa mwezi, na akamwomba athibitishe kwa kidole. Mashine ikakikataa kidole chake, ikabidi akipanguse kwenye gauni na kujaribu tena.

Wakati huo, bila kuulizwa na mtu, Redio akasema kutoka katikati ya chumba, "Na mimi kwa yule mwanasheria nilifukuzwa. Nilivunja bilauri." Watu wakacheka, hata dalali. Lakini yule mwanamke wa pochi yenye zipu hakucheka. Alikuwa ameinuka kwenye benchi, na akawa anasogea dirishani.

*

Nje Mwalimu alimsubiri karibu na gari. Macho yalikuwa mekundu na hakujali nani anamwona. Akasema amekosea, na Taratibu akamwambia yamekwisha. Wakasimama. Mwalimu akafungua mlango wa gari, akaufunga tena.

"Lakini wewe bado ni wetu," akasema. "Si ndiyo?"

Taratibu alifikiri kabla ya kumjibu, maana aliona kwamba anaulizwa kwa moyo.

"Nilikuwa mfanyakazi wa mama yako, Mwalimu. Na nilimpenda. Yote mawili."

Akampa mkono. Mwalimu akaupokea kwa mikono yote miwili, wakaachana pale, mmoja akaingia garini na mwingine akashika njia na Redio, aliyekuwa amekwishaanza kusimulia.

Alipofika nyumbani alimpigia simu mke wa daktari wa meno. Alimshukuru sana, akasema kulala hataweza, kazi ya kutwa ikipatikana amkumbuke. Mke wa daktari alikata simu katikati ya shukrani. Baada ya hapo Taratibu akamweleza mumewe, kwa ufupi, na Fundi hakufanya mzaha wowote. Alimwambia mkewe ajinyooshe kidogo. Ilikuwa bado mchana, jua liko kichwani, na Taratibu hakuwa amelala mchana tangu aolewe. Alikaa kitandani avue viatu, na usingizi ukamchukua akiwa na kimoja mguuni.

Kitinda alirudi kutoka shule akamkuta hivyo. Akamwendea baba yake kwenye cherehani, akamvuta mkono.

"Ataondoka lini?"

"Nani?"

"Mama."

Fundi alisimamisha cherehani. Alitaka kumweleza mambo ya mfuko na dirisha na Mwalimu, akaona ni marefu.

"Haondoki," akasema. "Amelala kwake."

Mtoto akarudi chumbani. Akamvua mama yake kile kiatu kilichobaki, akakiweka chini ya kitanda, akapanda kwa upande wa ukutani na mkoba wake bado uko mgongoni.